Kerneli Ikipaniki Usiku, Nani Ataandika Ripoti?

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinibana. Leo nimerudi na jambo ambalo nimetaka kuliandika siku nyingi: jinsi ya kuifanya Linux ihifadhi nakala ya kumbukumbu yake pale kerneli inapoanguka. Kama hujawahi kukaa na seva mambo haya huenda yakakuchosha kidogo huko katikati, lakini vumilia, kwa sababu kuna kijana mmoja ambaye kazi yake ilikuwa inaning'inia kwenye faili hii.

Nianze na shida yenyewe. Tunamhudumia mteja mmoja, sacco iliyo bara, mwendo wa saa tano hivi kwa gari kutoka Nairobi. Jina nalihifadhi. Wana seva moja kubwa ya Ubuntu 22.04, RAM gigabaiti 64, na hifadhidata ya wanachama wote imo humo. Mwisho wa Oktoba 2023 seva ilizimika usiku ikajiwasha yenyewe. Mwisho wa Novemba vivyo hivyo. Mwisho wa Disemba tena. Kila mara ilikuwa ni usiku wa kufunga mwezi, programu ikiwa inapiga hesabu za riba za mikopo, na asubuhi yake wahasibu wanaanza upya huku wanachama wamepanga foleni dirishani.

Tulipoangalia logi hatukukuta kitu. Mistari inakwenda vizuri mpaka dakika fulani, halafu kimya, halafu mistari ya kuwaka. Sasa, logi ya namna hiyo ndiyo hiyo hiyo utakayoipata stima ikikatika. Ukiandika last -x utaona neno crash, na neno hilo halimaanishi zaidi ya kwamba mashine haikuzimwa kwa utaratibu. UPS ya pale ni ya zamani, haina waya wa kuongea na seva, kwa hiyo haina ushahidi wa kutoa. Basi ofisi ikaamua yenyewe: stima ilikuwepo mtaani, majirani wanasema taa hazikuzimika, kwa hivyo kuna mtu amegusa waya. Na mtu anayekaa usiku ni mmoja tu, fundi wa zamu, kijana aliyemaliza diploma juzi juzi. Kufikia Januari alikuwa amepewa barua ya kujieleza.

Aliponipigia simu aliniambia hivi: "Mkubwa, mimi hata ufunguo wa hicho chumba sinaga usiku. Lakini nikisema hivyo wanasema nilichonga mwingine."

Hapo ndipo nilipoamua kwamba kdump lazima iingie kwenye ile mashine kabla ya mwisho wa Januari.

Kwanza tuelewane kwa nini kerneli inayoanguka haiachi barua. Programu ya kawaida ikifa, kerneli ipo juu yake, inaweza kuiandikia taarifa za mwisho. Kerneli yenyewe ikifa haina aliye juu yake. Ndiyo maana ujumbe wake wa mwisho huanza na maneno "Kernel panic - not syncing". Watu wengi husoma hiyo "not syncing" wakidhani ndiyo kosa. Sivyo. Kerneli inakwambia tu kwamba haitajaribu kumalizia kuandika diskini yale yaliyokuwa bado kwenye kumbukumbu. Na inafanya vyema! Kerneli iliyochanganyikiwa ukiiruhusu iandike diskini inaweza kuandika upuuzi juu ya data ya watu. Bora inyamaze. Ila ikinyamaza, syslog nayo haipati nafasi ya kuhifadhi ile mistari ya mwisho, ambayo ndiyo pekee ungeitaka. Mistari hiyo inabaki kwenye skrini, na saa nane usiku hakuna anayetazama skrini.

Tabia hii ya kukata tamaa ni ya tangu jadi. Tom Van Vleck, aliyekuwa mmoja wa wajenzi wa Multics, amesimulia kwamba alimwambia Dennis Ritchie kuwa karibu nusu ya kodi waliyokuwa wakiandika kwenye Multics ilikuwa ya kujinasua kutoka makosani. Ritchie akamjibu kwamba wao kwenye Unix hayo yote waliyaacha: kosa likitokea kuna kitu kinaitwa panic, mashine inaanguka, unapaza sauti kumwambia mwenzako aiwashe upya. Ilifaa pale ambapo mwenzako yuko chumba cha pili. Haifai seva ikiwa bara na wewe uko Nairobi umelala.

Watu wa Linux walijaribu njia kadhaa. Kulikuwa na LKCD iliyotoka SGI. Kulikuwa na netdump na diskdump za Red Hat, moja inatuma kumbukumbu kwa mtandao, nyingine inaandika diskini. Zote zilikuwa na ugonjwa mmoja: zinamtegemea yule yule mahututi afanye kazi. Draiva ya diski ikiwa ndiyo iliyosababisha ajali, utaiamini vipi ikuandikie ripoti ya ajali hiyo? Mgonjwa hawezi kujipasua mwenyewe.

Suluhisho liliingia kwenye Linux 2.6.13, Agosti 2005, nami kila nikilifikiria naona lilikuwa wazo la akili sana. Eric Biederman alikuwa na kexec, ambayo inaiwezesha kerneli moja kurukia kerneli nyingine moja kwa moja bila kupitia BIOS. Watu wa IBM, akiwemo Vivek Goyal, wakajenga kdump juu yake. Inakwenda hivi. Mashine ikiwaka, unatenga kipande cha RAM ambacho kerneli ya kawaida haikigusi kabisa. Humo unaweka kerneli ya pili, imelala. Fikiria basi la usiku la kwenda Mombasa lenye dereva wa pili aliyefungiwa kule nyuma. Dereva wa kwanza akizirai, huyu wa pili anaamka. Haendelei na safari. Anachofanya ni kuandika kila kitu jinsi kilivyo, usukani ulikatwa upande gani, gia ilikuwa namba ngapi, abiria gani alikuwa amesimama, kisha anaita basi lingine.

Kwa kuwa BIOS haikupitiwa, RAM ya zamani haijafutwa. Kerneli ya pili inaishi ndani ya kile kipande chake kidogo, na kumbukumbu yote ya marehemu inaiona kama faili moja, /proc/vmcore. Ni faili ya ELF kama zile core za programu za kawaida. (Neno core lenyewe ni urithi wa enzi za kumbukumbu za vipete vya sumaku. Vipete vimeondoka zamani, neno limebaki.)

Haya, tuingie jikoni. Kwenye Ubuntu ni kifurushi kimoja:

sudo apt install linux-crashdump

Kinaleta kexec-tools, kdump-tools na makedumpfile. Kitakuuliza maswali mawili, jibu ndiyo. Kisha uiwashe mashine upya, kwa sababu ile RAM inatengwa wakati wa kuwaka tu. Baadaye hakikisha:

cat /proc/cmdline
cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded
kdump-config show

Ya kwanza lazima ionyeshe crashkernel= na kiasi fulani. Ya pili lazima itoe 1. Ikitoa 0 huna kitu, umeweka mapambo. Ya tatu itakwambia "ready to kdump". Ukiwa na Secure Boot ujue kwamba kerneli ya pili nayo lazima iwe imetiwa sahihi, la sivyo itakataliwa. Zile za Ubuntu zenyewe zimetiwa.

Watu wengi hufika hapa wakafunga laptop wakaenda nyumbani. Usiende nyumbani. "Ready to kdump" maana yake ni kwamba kerneli ya pili imepakiwa, si kwamba itafaulu kufanya kazi. Njia ya kujua ni moja, kuiangusha mashine kwa makusudi:

sync
echo c > /proc/sysrq-trigger

Tafadhali amri hiyo usiijaribu kwenye seva ya watu saa nne asubuhi. Inaua kerneli hapo hapo, kweli kweli, si maigizo. Sisi tulifanya Jumamosi alasiri, tarehe 13 Januari 2024, ofisi imefungwa, nakala ya hifadhidata ikiwa tayari kwenye diski ya nje, na meneja ameketi nyuma yangu. Yule mama ni mkali lakini ni wa haki.

"Kijana, yaani mmetoka Nairobi kuja kuiua mashine yangu?"

"Ndiyo mama, lakini mara hii tutajua aliyeiua."

Akacheka kidogo. Fundi wa zamu alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, hakucheka.

Jaribio la kwanza lilifeli, na ndiyo sababu nasisitiza jaribio. Kerneli ya kwanza ikafa vizuri, ya pili ikaamka, draiva zikaanza kupakiwa, halafu skrini ikajaa malalamiko ya kuishiwa na kumbukumbu. Kiasi kilichotengwa na kifurushi kilikuwa megabaiti 192. Kwa mashine ndogo ni sawa. Ile seva ina kidhibiti cha RAID, kadi za mtandao za milango minne, na LVM juu ya hayo yote. Kila draiva inataka sehemu yake. Nikafungua /etc/default/grub.d/kdump-tools.cfg nikaandika crashkernel=512M, update-grub, kuwasha upya, echo c tena. Ikapita. Ndani ya /var/crash kukawa na saraka yenye jina la tarehe na saa, na ndani yake mafaili mawili, dmesg na dump.

Megabaiti 512 kati ya gigabaiti 64 hazionekani. Lakini kwenye mashine ya gigabaiti 2 ungelalamika, na ungekuwa na haki.

Kuhusu ukubwa wa faili. Mtu akisikia RAM ni gigabaiti 64 anashtuka: nitaweka wapi? Hapo ndipo makedumpfile inapokuja. Inachuja kurasa za kumbukumbu kabla ya kuandika. Ukiipa -d 31 inaacha kurasa za sifuri, akiba ya diski ya aina zote mbili, kurasa za programu za watumiaji, na kurasa zilizo wazi. Namba 31 si uchawi, ni 1+2+4+8+16, kila aina na biti yake. Kinachobaki ni kumbukumbu ya kerneli yenyewe, tena kimebanwa. Kwetu ilitoka gigabaiti 1.4.

Uchujaji huu una faida ya pili ambayo naona wengi hawaifikirii. Nakala ya kumbukumbu ni siri za watu. RAM ya seva ya sacco ina majina, namba za vitambulisho, salio. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hilo si jambo la kuzungusha kwa barua pepe. Kuondoa kurasa za watumiaji kunapunguza sana hatari, ila hakuimalizi, maana funguo za usimbaji na vipande vya data vinaweza kubaki ndani ya kerneli yenyewe. Kwa hiyo /var/crash ilifungwa kwa root peke yake, na tulikubaliana kwa maandishi na meneja nani atafungua faili na itafutwa lini.

Jambo la mwisho la matayarisho. Si kila kosa la kerneli ni panic. Mengine ni oops: kerneli inaua mchakato uliohusika, inaendelea kuchechemea. kdump haiamki kwa oops mpaka kernel.panic_on_oops iwe 1. Kwenye seva hii aliyeijenga kabla yetu alikuwa ameshaiweka, pamoja na kernel.panic=10 ili ijiwashe yenyewe baada ya sekunde kumi. Kwa hivyo ndipo tulipoelewa kwa nini ilikuwa inajiwasha bila mtu. Mimi niliongeza kernel.softlockup_panic=1, kwa sababu mashine iliyoganda bila kufa ni mbaya kuliko iliyokufa.

Halafu tukangoja. Siku kumi na tisa.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari, saa nane na dakika 47, ikaanguka. Fundi alinitumia ujumbe saa tisa kasoro: "Imeanguka mkubwa. Sijagusa. Iko faili."

Iko faili! Hebu fikiria hayo maneno mawili uzito wake. Mashine iliyong'olewa waya haiachi vmcore. Haiwezi. Kerneli ya pili inahitaji stima ile ile ili iamke na iandike. Kabla hata sijafungua kilichomo, kuwepo kwa faili peke yake kulikuwa kumeshasema kwamba usiku huo hakuna mkono uliogusa waya.

Nilianza na dmesg, ambayo ni kilobaiti chache na inakuja hata kwa mtandao mbovu. Wengi wenu hamtahitaji zaidi ya hapo. Kulikuwa na mstari wa "BUG: kernel NULL pointer dereference, address: 0000000000000018", na chini yake mstari wa RIP, unaotaja funksheni iliyokuwa ikitekelezwa, na kwenye mabano ya mraba jina la moduli. Haikuwa moduli ya Linux. Ilikuwa ya programu ya kulipia inayochukua nakala za diski kila usiku saa nane na nusu. Mstari wa Tainted nao ulikuwa na herufi P, O na E: moduli isiyo huria, iliyojengwa nje ya kerneli, isiyotiwa sahihi. Hizo herufi peke yake si hatia, lakini ni za kuzingatia.

Ile 0x18 nayo inaongea. Kielekezi kilikuwa sifuri, na kodi ikataka kusoma kitu kilicho baiti 24 kutoka mwanzo wa muundo. Yaani mtu alishika bahasha akidhani ina barua.

Ili kujua kwa nini ni mwisho wa mwezi tu, nilifungua dump yenyewe kwa programu iitwayo crash, ambayo Dave Anderson wa Red Hat aliilea kwa miaka mingi. Inahitaji vmlinux yenye taarifa za utatuzi, ya kerneli ile ile hasa, si jirani yake. Ni karibu gigabaiti nzima ya kupakua, kwa hiyo ipakue mapema, usingoje siku ya msiba. Amri ya bt ilinionyesha mfuatano wa miito: hifadhidata ikaita fsync, ikapita ext4, ikafika submit_bio, ikaingia kwenye moduli, kifo. Kisha nikaandika bt -a, inayoonyesha kila CPU ilikuwa ikifanya nini wakati huo. Na hapo nikakaa kimya dakika nzima. Kwenye CPU nyingine, wakati ule ule, mchakato wa programu ya nakala ulikuwa ndani ya moduli hiyo hiyo ukibomoa nakala iliyokwisha. Mmoja anaandika, mwingine anavunja nyumba. Siku za kawaida saa hizo hifadhidata imelala, hawakutani. Usiku wa kufunga mwezi inaandika bila kupumzika, na wakakutana.

Moduli ni ya siri kwa hiyo mstari wenyewe wa kodi sikuuona. Tuliwatumia wenye programu dmesg na matokeo ya bt, bila ile dump. Wiki tano baadaye walileta toleo jipya. Katikati ya muda huo tuliiondoa moduli, tukachukua nakala kwa LVM na kwa zana za hifadhidata yenyewe, na mwisho wa Februari ukapita salama.

Meneja alipoisoma ripoti aliuliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa na mteja mwaka ule: "Hii ni ya Januari. Zile tatu za mwanzo je?"

Ni kweli. vmcore inashuhudia usiku mmoja tu. Nilichoweza kumpa ni saa: kwa kutumia last -x reboot nilimwonyesha kwamba zile tatu zote zilitokea kati ya saa nane na nusu na saa tisa na robo, usiku wa kufunga mwezi, programu ya nakala ikiwa kazini. Huo si ushahidi wa aina moja na ule wa kwanza, nami nilimwambia hivyo. Alifikiri, akasema unamtosha. Barua ya kijana ikatolewa kwenye faili lake. Siku nne za mshahara alizokuwa amekatwa zilichukua hadi Aprili kurudi, na kufikia hapo alikuwa ameomba zamu ya mchana.

Dump tuliifuta toleo jipya lilipomaliza miezi miwili bila tatizo, kama tulivyoandikiana. dmesg ninayo bado, kilobaiti 90 na kitu.

Wale wenye mashine ndogo za RAM haba zisizoweza kutenga chochote, tazameni pstore, inayoweza kuhifadhi mistari ya mwisho ya logi kwenye kumbukumbu ya UEFI. Haitakupa bt -a, lakini RIP utaipata. Nitaiandikia siku nyingine, nikishaijaribu kwenye ile kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza yangu.